Fisi Wanane

Msomaji kijana, michezo ni ya namna mbili. Iko michezo ambayo wachezaji hupigania ushindi wao kwa wao, kama mpira, drafti na bao. Na iko michezo mingine ambayo wachezaji wote husimama upande mmoja, na kinachosimama upande wa pili ni taabu iliyobuniwa makusudi ili washindane nayo. Katika michezo ya namna ya kwanza usawa umekwisha kuwekwa na sheria: watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, mpira mmoja na mwamuzi mmoja. Katika michezo ya namna ya pili usawa hauji wenyewe. Hapana budi mtu mmoja aupime, na akikosea kipimo, lawama ni yake. Mimi nilikuwa mtu huyo, na nilikosea mara mbili. Nataka kukusimulia makosa hayo, kwa sababu huenda na wewe siku moja ukapewa kazi ya kuwapimia wengine mzigo.

Mchezo ninaoutaja ni hadithi inayosimuliwa na watu wengi kwa pamoja. Kila mchezaji humbuni mhusika mmoja, akampa jina, kazi na tabia, kisha husema na kutenda kwa niaba yake. Mtu mmoja tu hana mhusika wake. Huyo ni msimulizi, ambaye huieleza nchi, hali ya hewa, wapita njia na maadui. Msimulizi husema, "Mbele yenu pana msitu, na jua linakuchwa." Wachezaji hujibu watakalolifanya. Panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu au halitafaulu, dadu hurushwa na dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa jinsi hii kuchapishwa na kuuzwa ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaitwa Dungeons & Dragons. Lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1824 afisa mmoja wa Prussia aliyeitwa Reisswitz alichapisha sheria za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, wenye dadu na mwamuzi, ili maafisa wajifunze vita bila kumwaga damu.

Mimi niliujua mchezo huu katika chuo cha ualimu. Mwanachuo mwenzangu alikuwa na sheria zake, na jioni tulikaa kitandani bwenini, watu watano, tukisafiri katika nchi zisizokuwako. Nilipoajiriwa kufundisha katika shule ya kutwa iliyo mwendo wa miguu kutoka soko la Chepilat, nilikusudia kuwafundisha wanafunzi wangu. Niliona kwamba mchezo huo unadai hesabu, ufasaha wa lugha na subira, nayo ni mambo matatu ambayo mwalimu huyatafuta kila siku na hayapati kila siku.

Hatukuwa na dadu ya pande 20 ambayo sheria zinaitaka. Tulikusanya vifuniko 20 vya chupa za soda, tukavipiga vikawa bapa, tukaviandika namba moja hadi ishirini, na kuvitia katika mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Mchezaji aliingiza mkono, akachanganya, akatoa kifuniko kimoja, kisha akakirudisha. Namba 6 tuliipigia mstari chini ili isidhaniwe kuwa 9. Tafadhali ukumbuke mstari huo, kwa maana utarudi katika habari hii.

Wachezaji walikuwa wanne. Wawili nyumbani kwao husema Kikipsigis, na wawili husema Ekegusii. Jambo hili si la ajabu Chepilat, kwa kuwa soko letu limekaa mpakani: upande mmoja ni Kaunti ya Bomet, upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira, na barabara iendayo Kisii hupita katikati ya watu wa lugha zote mbili. Ijumaa ya kwanza niliwauliza maadui wa hadithi yetu wawe nani. Mvulana mmoja akajibu upesi, "Wezi wa ng'ombe kutoka ng'ambo." Hakusema ng'ambo ya wapi. Hata hivyo meza nzima ilinyamaza, na niliona macho ya wenzake yakishuka. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, mpaka huu wa Sotik na Borabu ulikuwa miongoni mwa mahali palipopata mapigano na nyumba kuchomwa moto. Wanafunzi wangu walikuwa hawajazaliwa wakati huo, lakini watoto husikia mengi ambayo wakubwa hudhani wameyanong'ona. Nikasema, "Maadui watakuwa fisi. Fisi hana kabila, na mbuzi wa kila mtu ni mbuzi wake." Wakacheka, na meza ikawa moja tena.

Baada ya hapo nilipaswa kuamua fisi wawe wangapi. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Kila mhusika alikuwa na uhai wa pointi kumi, na kila fisi alikuwa na uhai wa pointi tano. Kila mmoja katika zamu yake alipiga mara moja. Akitoa kifuniko cha 11 au zaidi pigo limempata adui, na pigo hilo lilipunguza uhai kwa namba ya dadu ya kawaida ya pande sita. Nikasema moyoni: fisi ni nusu ya mtu, basi fisi wawili ni sawa na mtu mmoja. Wahusika wanne wana jumla ya uhai wa 40. Fisi wanane wana jumla ya uhai wa 40. Mizani imekaa sawa, na vita vitakuwa vya haki.

Vita havikuwa vya haki. Katika duru ya kwanza wahusika wangu walipiga mara nne, na fisi wakapiga mara nane. Katika duru ya pili mhusika mmoja alikuwa amekwisha kuanguka, kwa hiyo watu walipiga mara tatu, na fisi waliobaki wakapiga mara saba. Katika duru ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Kila hasara ilizaa hasara nyingine, kama mwenye deni anayekopa ili alipe deni. Kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, Mganga, Mwindaji, Mwimbaji na Mfua Chuma walikuwa wamelala wote kando ya njia, na fisi watano wakiwazunguka.

Sikuona uzito wa jambo hilo siku ile. Ni mchezo tu, nilijiambia. Lakini Ijumaa iliyofuata mvulana aliyecheza Mfua Chuma hakuja. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na mhusika wake alikuwa amempa sauti kubwa kuliko yake mwenyewe. Nilimkuta nje akiwa ameegemea ukuta, nikamwuliza sababu. Akanijibu kwa swali:

"Mwalimu, ulitaka tufe?"

"La, sikutaka."

"Basi mbona hatukuwa na la kufanya?"

Sikuwa na jawabu. Nilirudi darasani na swali lake, na swali hilo ndilo lililonifundisha. Angalia vizuri, msomaji: hakulalamika kwamba wahusika walikufa. Alilalamika kwamba hakuna walichoweza kuchagua ambacho kingebadili chochote. Wangepiga huku au kule, wangesimama au wangepiga magoti, mwisho ungekuwa ule ule.

Ungefikiri kwamba baada ya maneno hayo nilirekebisha kipimo. Sikufanya hivyo. Nilifanya jambo jepesi zaidi, nalo ndilo kosa langu la pili. Nilianza kudanganya kwa huruma.

Wahusika wapya walibuniwa, na maadui wapya wakaja. Niliushika mkebe mimi mwenyewe kwa zamu za maadui, nikatoa vifuniko na kuvisoma kimya, kisha nikatangaza namba iliyowafaa watoto. Kumi na saba niliita saba. Kumi na tano niliita tano. Walishinda Ijumaa ya kwanza, wakashangilia. Walishinda ya pili, wakashangilia kidogo. Ya tatu walishinda, na mmoja wao akapiga miayo.

Ijumaa ya nne walipambana na chui, ambaye alihitaji kifuniko cha 8 au zaidi ili apige. Msichana aliyecheza Mwindaji alikuwa amebakiwa na uhai wa pointi mbili. Nikatoa kifuniko cha 9, nikatangaza, "Sita. Chui amekosa." Hakuna aliyesema neno. Lakini wenzake walipokwisha kutoka, msichana yule alibaki nyuma akipanga viti, kisha akachukua kifuniko kutoka mezani na kukiweka mbele yangu.

"Mwalimu," alisema kwa adabu, "sita tulipiga mstari chini."

Kifuniko hakikuwa na mstari. Nilitaka kutoa udhuru, lakini uso wake haukuwa na hasira wala kejeli. Ulikuwa na huzuni ya mtu aliyegundua kwamba zawadi aliyopewa si ya kweli. Akaniuliza, "Na yule nyoka wa wiki iliyopita, tulimshinda kweli?" Nikamwambia kweli yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Afadhali tungekufa."

Usiku ule nilikaa na kalamu na karatasi, nikaanza upya. Nilikumbuka kwamba Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, mhandisi wa magari, aliandika mwaka 1916 juu ya ndege katika vita, na akaonyesha kanuni ambayo mimi niliidharau. Kundi ambalo watu wake wote wanaweza kupiga kwa wakati mmoja, nguvu zake haziongezeki kwa idadi yao tu, bali kwa idadi yao iliyozidishwa kwa yenyewe. Wanne hawana nguvu za nne, bali 16. Wanane hawana nguvu za nane, bali 64. Fisi wangu walikuwa na nusu ya uhai wa mtu, kwa hiyo tukate nusu: 32. Kumbe niliwapeleka wanafunzi wangu, wenye nguvu 16, kupambana na nguvu 32, nikadai kwamba mizani imekaa sawa! Kwa kipimo cha kweli, fisi sita wangewazidi kidogo, na fisi watano wangekuwa chini yao kidogo. Nilihesabu uhai nikasahau kuhesabu mapigo.

Wenye mchezo huo walikwisha kuliona jambo hili. Kitabu cha msimulizi kilichotolewa mwaka 2014 kiliyapanga mapambano katika daraja nne, rahisi, ya wastani, magumu na ya mauti, na kikaagiza kwamba maadui wakiwa wawili kipimo cha ugumu kizidishwe kwa moja na nusu, wakiwa watatu hadi sita kizidishwe kwa mbili, na wakiwa saba hadi kumi kizidishwe kwa mbili na nusu. Lakini hesabu, ingawa ni ya lazima, si yote. Katika ule mchezo wa vita wa Prussia, afisa aitwaye Verdy du Vernois alishauri mwaka 1876 kwamba mwamuzi mwenye maarifa asifungwe na majedwali, bali aamue kwa akili yake. Majedwali hujua idadi ya fisi. Hayajui kama pana mto karibu, kama ni usiku, wala kama mtoto aliyekaa mbele yako ana la kufanya.

Ijumaa iliyofuata niliwaomba radhi wachezaji wangu mbele ya meza yote. Yule mvulana pia alikuwapo, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kumwomba aje asikie. Niliandika hesabu ya fisi ubaoni, tukaifanya pamoja. Kisha tukaweka mapatano. Kwanza, kila kifuniko kitatolewa mbele ya macho ya wote, na mkebe utashikwa na kila mtu kwa zamu. Pili, hatari kubwa itatangulia kuonekana kwa dalili, yaani nyayo, harufu, mifupa au maneno ya mchunga ng'ombe, ili asiyetaka kuikabili aweze kuiepuka. Tatu, kila pambano litakuwa na njia zaidi ya moja ya kulimaliza, na kukimbia ni mojawapo. Nne, maadui nao watapenda maisha yao: mnyama hapigani hadi kufa wote kwa ajili ya mlo mmoja. Mapatano hayo hayakumwahidi mtu yeyote ushindi.

Niliwauliza wangependa kuanza na adui gani. Msichana wa Mganga akamtaka Chemosi, yule zimwi wa hadithi za Wakalenjin, nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Lakini mvulana wa Mfua Chuma akasema polepole, "Turudishie wale fisi."

"Wangapi?" nikamwuliza.

"Wanane."

Nilitazama ubaoni, mahali hesabu ilipokuwa bado imeandikwa. Wote walijua maana yake. Nikawarudishia fisi wanane wale wale, wenye uhai ule ule na mapigo yale yale. Sikuwapunguzia hata mmoja.

Safari hii hawakukimbilia kupiga. Waliuliza. Njia inakwenda wapi? Inashuka hadi mtoni, nikajibu, kwenye mto niliouita Kipsonoi kwa jina la mto halisi wa Sotik. Mto unavukwaje? Kwa magogo mawili yaliyolazwa sambamba. Upana wake? Watu wawili bega kwa bega, si zaidi. Kina cha maji? Mvua ilinyesha jana, maji ni mengi na ya kasi. Wakatazamana. Mwimbaji, aliyekuwa wa lugha ya upande mmoja, na Mfua Chuma, aliyekuwa wa lugha ya upande wa pili, wakasimama mwanzoni mwa daraja wakiwa na ngao, na nyuma yao Mwindaji akashika upinde na Mganga akashika kombeo.

Fisi wakaja wanane, lakini waliopata nafasi ya kuuma walikuwa wawili tu. Wengine sita walibweka nyuma yao. Watu walipiga mara nne katika kila duru, na fisi mara mbili. Kanuni ile ya Lanchester ina sharti lake, kwamba wote waweze kupiga kwa pamoja, na wanafunzi wangu waliliondoa sharti hilo kwa magogo mawili. Idadi ya adui ilibaki kama ilivyokuwa, lakini haikuwa na faida tena.

Hata hivyo usidhani kwamba mambo yalikuwa mepesi. Katika duru ya nne Mfua Chuma alikuwa amebakiwa na uhai wa pointi tatu. Wenzake wakamwambia arudi nyuma, Mganga ashike mahali pake. Akafikiri. Kama angerudi, fisi wangepata mwanya wa zamu moja kuingia darajani. Akasema, "Ninabaki." Zamu ya fisi ilipofika, mkebe ulikuwa mikononi mwake mwenyewe. Akaingiza mkono, akatoa kifuniko, akakiweka katikati ya meza ambapo kila mtu alikiona. Kilikuwa 19. Dadu ya jeraha ilirushwa, ikaonyesha tano.

Darasa likawa kimya. Nilimtazama, nikaogopa kwamba nimempoteza mara ya pili. Yeye alikitazama kifuniko kwa kitambo, kisha akakirudisha katika mkebe. "Endeleeni," aliwaambia wenzake. "Wamebaki wanne." Mwindaji akamwangusha mmoja, na fisi watatu waliosalia, kwa kuwa walipenda maisha yao, wakageuka na kukimbilia kwenye mashamba ya chai. Msichana wa Mwindaji akaomba hadithi isiishie hapo. Akasimulia jinsi Mfua Chuma alivyozikwa ng'ambo ya mto, na kila mmoja akaongeza neno. Mvulana mwenyewe alisikiliza mazishi ya mhusika wake akitabasamu. Ijumaa iliyofuata alifika kabla ya wote, akiwa na mhusika mpya aliyeandikwa kwenye karatasi safi.

Msomaji kijana, katika vita vya kwanza na vita vya mwisho adui alikuwa mmoja, na mvulana yule alimpoteza mhusika wake mara zote mbili. Mara ya kwanza aliondoka mezani, mara ya pili alibaki. Tofauti ni kwamba mara ya pili aliijua hatari, alikuwa na njia ya kuiepuka, alichagua mwenyewe, na kifuniko kilichomwangusha kilikuwa cha kweli. Mwenye kuwapimia wengine ugumu, awe msimulizi, mwalimu atungaye mtihani, nahodha apangaye mazoezi au mzazi agawaye kazi za nyumbani, asidhani kwamba haki ni kuufanya mzigo uwe mwepesi. Wala asijivune kwamba mzigo wake ni mzito. Na ajiulize swali la mtoto yule: je, hawa niliowatwika wana la kufanya?

Mkebe wetu uko bado juu ya kabati la darasa, na vifuniko vyote 20 vimo ndani. Mstari chini ya sita ulikuwa umeanza kufutika. Mwezi uliopita nilimwona msichana wa Mwindaji akiupiga upya, kwa kalamu ya wino mzito.